Mawimbi yanapokutana mdomoni mwa injini

Mwezi uliopita niliandika, kwa kupitia tu, kwamba injini ya skramjeti, ile inayochoma mafuta ndani ya hewa inayokwenda kasi kuliko sauti, haina feni wala mapanga ya kushindilia hewa. Kazi hiyo hufanywa na mawimbi ya mshtuko, yaani kuta nyembamba ambamo hewa hushindiliwa ghafla, yanayozaliwa kwenye pua ya chombo chenyewe. Kumbe nilikuwa nachokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi, na kadhaa zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Nimechagua tano. Nitakawia kwenye ile ya tatu, kwa sababu inagusa kazi niliyoifanya kwa miaka mingi kwenye handaki la upepo, mfereji wa majaribio ambamo hewa hupulizwa juu ya mfano, na kwa sababu naona haisemwi vya kutosha.

Shikamoo Mwalimu. Kama hewa inashindiliwa na wimbi la mshtuko, kwa nini wahandisi wajisumbue na milango ya kuingizia hewa yenye kabari mbili tatu na pembe za ajabu? Si waweke tundu la duara, wimbi moja lisimame mbele yake, kazi iishe? Mimi ni fundi wa injini za dizeli.

Marahaba, fundi. Tundu la namna hiyo lipo, na kwenye ndege za Mach 1.5 hivi, yaani mara moja na nusu ya kasi ya sauti, linafanya kazi bila lawama. Ubaya wake unaonekana kasi inapopanda.

Hewa ikipita kwenye wimbi la mshtuko hupungua kasi, shinikizo lake hupanda na joto lake huongezeka. Lakini si uwezo wake wote unaobaki. Tuna kipimo tunachokiita shinikizo la jumla: ni shinikizo ambalo hewa ingelifikia kama ungeisimamisha taratibu bila kupoteza kitu. Wimbi lililosimama wima mbele ya mtiririko wa Mach 2 huibakizia hewa asilimia 72 ya shinikizo hilo. Kwa Mach 3 inabaki asilimia 33. Kwa Mach 6 inabaki asilimia 3. Tatu tu, fundi! Zilizobaki zimepotea kabla hata tone la mafuta halijanyunyizwa.

Sasa ichukue hewa hiyohiyo ya Mach 6, iipige kabari ya nyuzi 10. Wimbi halisimami tena, linalala kwa pembe ya nyuzi 17.6 hivi. Nyuma yake hewa bado inakwenda Mach 4.6, na shinikizo limepanda mara 3.7. Ongeza kabari ya pili inayoipinda hewa kwa nyuzi 10 nyingine: kasi inashuka hadi Mach 3.7, shinikizo limeshapanda mara 10 tangu mwanzo, na lile shinikizo la jumla limebaki asilimia 72. Linganisha 72 na 3. Sikatai kwamba wimbi la wima lingepandisha shinikizo zaidi, karibu mara 42, lakini lingeiacha hewa ikijikokota kwa Mach 0.4, ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,500 za Selsiasi kwenye kimo cha kilomita 30. Kasi ikizidi kupanda, mafuta yanayochomwa kwenye hewa iliyoungua kiasi hicho huishia kuvunjavunja molekuli badala ya kusukuma chombo. Ndiyo sababu skramjeti huiacha hewa ipite kwenye chumba cha mwako ikiwa bado na kasi inayozidi sauti.

Mtaalamu wa mtiririko wa hewa Klaus Oswatitsch, alipokuwa Göttingen, Ujerumani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alionyesha kwa hesabu kwamba ukishaamua idadi ya mawimbi ya kulala, hasara huwa ndogo kabisa pale yote yanapokuwa na nguvu sawa. Pembe unazoziona za ajabu zinatoka huko.

Mawimbi ya maji nimeyaona yakipishana na kila moja kuendelea na safari yake. Ya mshtuko nayo hupishana hivyo?

Hapana. Yakikatana, kila moja hupindishwa na mwenzake, na nguvu za yanayotoka si zile za yaliyoingia. Hewa iliyopita juu ya makutano na iliyopita chini yake hutoka na shinikizo sawa na mwelekeo sawa, lakini si lazima iwe na kasi sawa. Kati yao hubaki mpaka wa kuteleza, ambao mara nyingi huvurugika na kuwa vizunguko.

Na hayo ni makutano ya kistaarabu. Mawimbi yakiwa na nguvu mno hayakatani kabisa. Katikati huota shina, kipande cha wimbi kilichosimama wima, na hewa inayopita kwenye shina hilo hulipa ile hasara niliyomtajia fundi. Ernst Mach aliligundua jambo hili miaka ya 1870, na mpaka leo tunaliita shina la Mach. Kuna eneo la pembe ambamo makutano ya namna zote mbili yanawezekana, na utakayoyapata hutegemea ulifikaje hapo: ulikuwa unaongeza pembe au unaipunguza. Mlango wa injini una kumbukumbu, tuseme. Kwa mtu anayeandika programu ya kuuongoza, hiyo si habari njema.

Mwalimu, kwenye michoro ya skramjeti naona mawimbi yote ya kabari yakikutana palepale kwenye ncha ya mdomo wa mlango. Ni urembo wa mchoraji? Na kama ni kweli, ncha ile haiungui?

Ni kweli, na inaungua. Nimekuwa nikiisubiri barua hii.

Kwanza, kwa nini yakutane hapo. Wimbi likipita nje ya mdomo, sehemu ya hewa iliyoshindiliwa humwagika pembeni bila kuingia kwenye injini, nawe umeishindilia bure. Likipita ndani, linakwenda kuupiga ukuta wa ndani na kurudishwa upande wa pili, na kuanzia hapo una mawimbi usiyoyapanga yakipigana ndani ya mfereji. Kwa hiyo kwenye karatasi kuna mahali pamoja tu pazuri, ncha ya mdomo, na kwa kasi moja tu, ile uliyoichagua.

Lakini ncha hiyo, hata uinoe vipi, ina ubutu wake wa milimita moja au mbili. Ukiinoa zaidi ya hapo joto lake linazidi, maana kadiri ncha inavyokuwa nyembamba ndivyo joto linavyopenya kwa ukali zaidi. Na kwa Mach 6 ubutu huo mdogo unatosha kusimamisha wimbi lake wenyewe, lililojipinda mbele ya mdomo. Basi mawimbi ya kabari yanapofika yanamkuta mwenyeji.

Barry Edney, akiwa kwenye taasisi ya utafiti wa anga ya Sweden, alichapisha mwaka 1968 ripoti iliyoyapanga makutano ya mgeni na mwenyeji katika aina sita, kutegemea mgeni anampiga mwenyeji sehemu gani. Nyingi kati ya hizo sita zinavumilika. Ya nne ndiyo inayokosesha watu usingizi.

Katika aina ya nne, wimbi linaloingia hulipiga wimbi lililojipinda pale linapokaribia kusimama wima, mbele kabisa ya ncha. Lililojipinda linavunjika sehemu mbili, na katikati yake unachomoza mkondo mwembamba wa hewa yenye kasi inayozidi sauti, huku hewa ya juu na ya chini yake ikiwa imeshashushwa chini ya kasi ya sauti. Mkondo huo umeponaje? Rudi kwenye jibu la fundi wa dizeli. Majirani zake wamepita kwenye wimbi lililosimama, wamepoteza karibu kila kitu. Wenyewe umepita kwenye mawimbi kadhaa yaliyolala, moja baada ya jingine, na umetoka na sehemu kubwa ya shinikizo la jumla. Unapofika kwenye ncha unasimamishwa ghafla na kumwaga vyote ulivyovibakiza juu ya eneo dogo kuliko ubutu wa ncha yenyewe. Joto linaloingia kwenye chuma hapo laweza kuwa mara 10 na zaidi ya lile ambalo ncha ingepata kama ingekuwa peke yake kwenye mtiririko.

Yaani ujanja uleule unaoiokoa injini kwa ndani ndio unaouchoma mdomo kwa nje. Hesabu ni moja. Watu wakiniuliza ugumu wa kasi hizi uko wapi, wanatarajia niseme kasi yenyewe, au joto la pua. Pua inajulikana: inapata moto mwingi, lakini moto wake unatabirika, na unajua uupoze wapi. Hatari iko kwenye makutano, kwa sababu makutano huhama.

Mezani kwangu ninacho kipande cha chuma, mdomo wa mfano mmoja tulioujaribu kwenye handaki la hewa ya moto. Kwenye ncha kuna mstari wa buluu usiofika upana wa milimita moja, na pande zake zote mbili chuma kimebaki na rangi yake. Wageni wanadhani ni kutu. Ni mahali mkondo wa aina ya nne ulipokaa kwa sekunde chache. Tulipoinamisha mfano kwa nyuzi 2 tu, mkondo uliacha kupiga ncha, na vipimajoto vilivyokuwa vimepandishwa hadi juu vikashuka kana kwamba mtu amefunga bomba.

Kama mnataka ushahidi wa angani, upo, na umetangulia hata ripoti ya Edney. Tarehe 3 Oktoba 1967 rubani Pete Knight aliirusha X-15A-2, ndege ya roketi ya majaribio ya Marekani, hadi Mach 6.7, takriban kilomita 7,270 kwa saa. Chini ya mkia walikuwa wamefunga injini bandia ya majaribio, umbo tupu lisilowaka, ili waone ndege itakavyotulia nayo. Mawimbi yaliyotoka kwenye umbo hilo yalikwenda kukipiga kile kipande cha mkia kilicholibeba. Chuma kilikuwa Inconel X, aloi iliyochaguliwa makusudi kwa ajili ya joto, lakini mawimbi yaliitoboa matundu, na injini bandia ikachomoka na kuanguka kabla Knight hajatua. Alitua salama. Ndege hiyo haikuruka tena, na leo iko kwenye jumba la makumbusho la jeshi la anga huko Dayton, Ohio. Wengi huikumbuka safari ile kwa rekodi ya kasi. Mimi naikumbuka kwa yale matundu.

Dawa? Zipo za nusunusu. Wabunifu wengi hulengesha mawimbi yakutane nje kidogo ya mdomo, wakakubali kumwaga hewa kiasi ili ncha ipumue. Wengine huupoza mdomo kwa maji, au kwa mafuta yenyewe kabla hayajachomwa. Msimamo wangu ni kwamba anayekupa mchoro wenye mawimbi yote juu ya ncha moja bila kukuambia mdomo umepozwaje, amekupa nusu ya mchoro.

Nini hasa hutokea injini inapokabwa? Nimesikia kwamba SR-71, ile ndege ya upelelezi ya Marekani, ilikuwa inarusha marubani huku na huku.

Mlango wa injini za aina hii una koo, mahali panapobana kuliko pengine. Mlango unapofanya kazi vizuri, mawimbi yamemezwa na yametulia mahali pake. Koo likibanwa mno, au shinikizo la nyuma likipanda mno, hewa inayoingia inakosa pa kupita. Wimbi linatapikwa hadi nje ya mlango, linasimama mbele, na sehemu kubwa ya hewa inazunguka pembeni. Msukumo unapotea kwa kufumba na kufumbua, ukinzani unapanda. Arthur Kantrowitz na Coleman Donaldson walionyesha mwaka 1945, wakiwa NACA, shirika la Marekani la utafiti wa anga lililotangulia NASA, koo laweza kubanwa kiasi gani kabla mlango haujashindwa kumeza wimbi lake. Ubaya ni kwamba hewa ikishatapikwa, kuirekebisha hali hakutoshi. Lazima upite mbali zaidi ya pale ulipoharibikiwa ndipo wimbi limezwe upya.

SR-71 haikuwa ya kasi hizi tunazozungumzia, ilikwenda Mach 3.2, lakini shule yake ni ileile. Kila injini ilikuwa na koni mbele iliyorudi nyuma takriban sentimita 66 kadiri kasi ilivyopanda, ili kuyaweka mawimbi mahali pake. Mlango mmoja ukitapika, injini ya upande wa pili iliendelea kusukuma, ndege ikajipindua pua kwa nguvu, na kofia za marubani zikagonga kioo. Tarehe 25 Januari 1966 Bill Weaver na Jim Zwayer walikuwa kwenye safari ya majaribio, kasi Mach 3.18, wamelaza ndege kulia nyuzi 35, mlango wa kulia ulipotapika. Ndege ilikatikakatika angani. Weaver alijikuta nje bila hata kuvuta kiti cha dharura, akashuka na mwavuli akiwa hai. Zwayer alifariki.

Kwenye skramjeti hakuna wimbi moja la wima la kulinda. Kuna msururu wa mawimbi yanayodundadunda kwenye mfereji mfupi kati ya mlango na chumba cha mwako, tunaouita aisoleta. Ukichoma mafuta mengi haraka, shinikizo la chumbani linausukuma msururu huo kwenda mbele; ukifika mlangoni, kwisha. X-51A, chombo cha majaribio cha skramjeti cha Marekani, ilipatwa na kisa cha namna hiyo tarehe 13 Juni 2011 juu ya Bahari ya Pasifiki: injini iliwaka kwa ethilini kama ilivyopangwa, lakini ilipofika zamu ya kuhamia mafuta ya JP-7, mlango ukatapika na haukukubali kumeza tena. Tarehe 1 Mei 2013 chombo kingine cha aina hiyo kilivuka hatua hiyo na injini ikaendelea kusukuma kwa dakika tatu na nusu hivi, hadi Mach 5.1.

Kuna mchochezi mwingine asiyeonekana kwenye michoro ya kalamu na rula. Hewa inayogusa ukuta huenda polepole. Ukutani kabisa kasi yake ni sifuri. Katika tabaka hilo jembamba hakuna Mach 6, na shinikizo la nyuma ya wimbi linapata njia ya kupenya kwenda mbele. Wimbi likiupiga ukuta kwa nguvu, tabaka hilo hubanduka na kufanya uvimbe wa hewa inayorudi nyuma. Uvimbe nao ni kizuizi, kwa hiyo unazaa wimbi lake. Ulikuwa na wimbi moja, sasa unayo matatu, na koo limebanwa na kitu kisicho chuma. Tabaka lililovurugika hustahimili vizuri zaidi kuliko lililotulia, na ndiyo maana kwenye tumbo la X-43A, chombo cha majaribio cha skramjeti cha NASA, mbele ya mlango, viliwekwa viinuko vidogo vya kuivuruga hewa makusudi. Chombo hicho kilifika karibu Mach 9.6 tarehe 16 Novemba 2004, injini ikiwaka kwa haidrojeni kwa sekunde 10 hivi.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa pili. Chuo chetu hakina handaki la upepo. Naweza kujifunza nini kwa karatasi na kikokotoo?

Mengi, mwanangu. Achana kwanza na programu kubwa za kompyuta. Zitakupa picha za rangi kabla hujajua uangalie wapi.

Chora mstari wa mtiririko, halafu kabari ya nyuzi 10 ikianzia puani. Kwa Mach 6 wimbi lake liko nyuzi 17.6 kutoka kwenye mstari huo. Weka alama ya mdomo mita 1 nyuma ya pua: wimbi linapita sentimita 32 kutoka kwenye mstari, basi mdomo ukae hapo. Sasa kabari ya pili. Hewa inayoifikia imeshapinda nyuzi 10 na ina Mach 4.64. Tafuta pembe ya wimbi lake, usisahau kujumlisha zile nyuzi 10, kisha tafuta kabari hiyo ianzie wapi ili wimbi lake nalo lifike kwenye mdomo uleule. Ukipata sentimita 65 hivi kutoka puani, umepatia.

Baada ya hapo usibadili umbo, badili kasi. Kwa Mach 5 wimbi la kwanza linapita sentimita 35 kwenye alama ile ya mita 1, yaani nje ya mdomo, na hewa inamwagika. Kwa Mach 7 linapita sentimita 29, yaani limeingia ndani. Limehama sentimita tatu kila upande, na mdomo wako una ubutu wa milimita mbili. Fuatilia lile la Mach 7: litaupiga ukuta wa ndani wapi, na litakaporudi upande wa pili litaikuta kabari yako ya pili au koo? Jibu la hapo nitumie na mchoro.